'Junior' ni jina la nani?
Juzi mwanafunzi wangu mmoja alijitambulisha kuwa 'Junior'. Junior nani? Akacheka tu.

Kwa Wamarekani, neno hilo hufuata jina ili kumtofautisha mwana na baba wenye jina moja, mfano Martin Luther King. Sisi tumeling'oa tukalifanya jina kamili! Isitoshe, desturi ya Wakikuyu humpa kifungua mimba wa kiume jina la babu mzaa baba, hivyo baba na mwana hawagongani. Mswahili naye ana 'bin', na mnayeitwa sawa ni somo wako, au wajina.

Babake kijana huyu haitwi hata jina lake. Ila kwenye cheti cha kuzaliwa, 'Junior' limekalia nafasi ya babu.