Juu ya Kitenzi "Hoji"

Neno la Kiingereza "interrogate" lina asili ya Kilatini: "inter", yaani baina ya, na "rogare", yaani kuuliza. Katika matumizi ya leo neno hilo hudokeza mamlaka: aulizaye ana nguvu juu ya aulizwaye. Wafasiri wetu hutumia "hoji", nasi hatuwapingi. Hata hivyo, "hoji" ni jamaa ya "hoja", na uwanja wake ni mpana zaidi. Mwandishi humhoji waziri, mbunge huhoji matumizi ya fedha, na polisi humhoji shahidi kama wamhojivyo mtuhumiwa. Kwa hiyo gazeti likiandika kwamba fulani "anahojiwa na polisi", msomaji huweza kukisia hatia pasipo na tuhuma, na heshima ya mtu ikaharibika.

Huenda mtu akapendekeza "saili", lenye asili ya Kiarabu, lishike nafasi hiyo. Hatuafiki, kwa kuwa neno hilo limekwisha kuzoeleka kwa waombao kazi. Istilahi mpya haihitajiki. Yafaa mwandishi abainishe tu: amehojiwa akiwa shahidi, au akiwa mtuhumiwa. Nyongeza hiyo ndogo yatosha kumlinda asiye na kosa.