Heko kwa Fundi wa Kengele za Ulinzi

Fundi wa elektroniki wa Kibera au Kawangware, jijini Nairobi, anastahili heshima ya mtaalamu, na ushahidi ni namna anavyotafuta hitilafu. Kompyuta isiposikilizana na paneli ya kengele ya ulinzi, hakimbilii kununua paneli mpya. Huchomoa kebo ya serial upande wa paneli, akaunganisha pini ya 2 na ya 3 kwa kipande cha waya, kisha akabonyeza herufi. Ikirudi kwenye skrini, kompyuta na kebo ni salama; kosa liko mbele: huenda waya za kutuma na kupokea hazikupishanishwa, au kasi hazilingani, huku biti 9600 kwa sekunde, kule 2400. Huko ni kufikiri, tena kwa nidhamu.

Wapo wanaosema hana cheti, na ulinzi haukabidhiwi mtu wa kibandani. Hofu hiyo ina msingi, maana anayeshika paneli huweza kujua namba za siri za nyumba. Lakini cheti hakipimi uaminifu. Ujuzi wa kazini nao hupimika: NITA, mamlaka ya Kenya ya mafunzo ya viwandani, huwatahini mafundi kwa madaraja, kuanzia la tatu hadi la kwanza. Mwenye nyumba Lavington, jirani wa Kawangware, abadilishe namba kazi ikiisha, na amlipe fundi kwa kugundua kosa, hata kama hakuuza kifaa chochote.