Kalamu Pembezoni mwa Maandiko

Mwaka 1513, Martin Luther alipojiandaa kufundisha Zaburi huko Wittenberg, alimtaka mchapaji Johann Grunenberg aache nafasi pana kati ya mistari na pembezoni, ili maelezo yaandikwe humo. Basi kusoma kwa kalamu mkononi ni urithi wetu. Swali ni jinsi tunavyoutumia.

Aghalabu mwanafunzi asomapo Matendo ya Mitume 27 hupigia mstari tufani, kisha huandika pembezoni: "Yesu ndiye nanga." Ni neno jema, lakini halikutoka katika sura hiyo. Nanga zitajwazo pale ni nne, nazo zilitupwa usiku kwa kuhofia miamba.

Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 hutumia humo maneno "tezi" na "omo". Mwanafunzi wa bara huenda akadhani tezi ni ile ya mwilini. Mvuvi wa Mikindani au Msimbati, hata wa mlango wa mto Ruvuma, ajua kuwa tezi ni nyuma ya chombo, na omo ni mbele. Alama ya kuuliza pembezoni ingempeleka mwanafunzi kwa mvuvi huyo.

Tena kuna jambo zito zaidi. Katika aya ya 22 Paulo aahidi kwamba hapana nafsi itakayopotea. Katika aya ya 31 asema kwamba mabaharia wakitoroka, wengine hawawezi kuokoka. Ahadi ya Mungu haikuondoa haja ya mikono ijuayo kazi. Asiyeziweka aya hizi mbili pamoja atawahubiria wavuvi kwamba imani yatosha bila kusikiliza onyo la hali ya hewa. Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipoelekea Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma, pwani ya Mtwara nayo ilipewa onyo. Mahubiri ya namna hiyo yaweza kugharimu maisha.

Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Mwandishi wa Maandiko naye ni jirani. Kumtwika asilosema ni kuivunja. Kwa hiyo tuwafundishe wanafunzi kuandika kwanza maswali, pili maneno yanayorudiwa au kupingana, na mwisho kabisa ungamo na mahubiri.

Wahenga wa pwani walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mhubiri naye, aendako kote, na arejee katika andiko.