Neno Linalohukumu Kabla ya Shauri

Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 iliirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi na ya mahakama. Kwa hatua hiyo wafasiri wameongezewa kazi kubwa, na wako wanaodhani kwamba kazi yenyewe ni kutafuta neno moja la Kiswahili kwa kila neno moja la Kiingereza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba istilahi ya sheria haina budi kupimwa kwa swali jingine pia: je, neno hili linampa mtu nafasi ya kujitetea, au limekwisha mhukumu kabla hajafungua kinywa? Fasihi yetu imelishughulikia swali hili kwa muda mrefu, na wakulima wa korosho wa Newala wamelikuta mlangoni pao.

Mwaka 1951 Shaaban Robert alichapisha Kusadikika. Humo Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa sababu ya kuanzisha mafundisho ya uanasheria. Karama hajitetei kwa vifungu. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali kutafuta mambo ya kuifaa nchi yao, na waliporejea wakatupwa gerezani. Mwishoni anaachiliwa, na wajumbe wanafunguliwa. Wahakiki wengi wamekisoma kitabu hiki kama fumbo juu ya utawala wa kikoloni, na hawakukosea. Lakini mwanaistilahi ana la kuongeza. Majivuno angependa watu waamini kwamba kushitakiwa ndiko kukosa. Mwandishi anatenga mambo hayo mawili, na baina yake anaweka usikilizaji. Wajumbe sita hawakuupata. Karama aliupata, ndipo na kesi yao ikajulikana.

Tuweke pembeni yake tafsiri ya Mwalimu Julius K. Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi, iliyotolewa mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Jina la Kiingereza linamtaja mfanyabiashara mmoja tu. Mfasiri aliandika mabepari, tena kwa wingi. Kwa upande wa sanaa, uamuzi huo ni wa kijasiri: Shylock anayekopesha na Antonio anayekopa wote wanatiwa katika kundi moja, na msomaji wa Tanzania anaingia katika mchezo akiwa na msimamo. Kwa upande wa sheria, neno hilo lina hatari. Mfanyabiashara ni mtu mwenye kazi yake. Bepari, katika Kiswahili cha miaka ile, alikuwa mtu mwenye lawama. Mhakiki anaweza kuisifu tafsiri hiyo, nami naisifu, huku akimwonya mfasiri wa sheria asiige njia yake. Mchezo wenyewe unatoa onyo hilo: shauri la Antonio linaamuliwa kwa maneno ya hati, kwani Portia anaonyesha kwamba hati inataja ratili ya nyama na haitaji hata tone la damu. Anayeyashika maneno ndiye anayeishika hukumu.

Sasa tutoke Venisi twende Chilangala, kata ya Wilaya ya Newala, katika uwanda wa juu wa Makonde. Huko nako kuna deni, hati na maneno. Korosho huvunwa miezi ya mwisho wa mwaka, lakini salfa ya kupulizia mikorosho, ada ya shule na chakula cha masika havingoji mavuno. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho za Mtwara zimeuzwa kwa utaratibu unaotokana na Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005: mkulima hupeleka mazao chama cha msingi, yakapimwa, yakahifadhiwa ghalani, yakauzwa kwa mnada, ndipo fedha zikalipwa.

Utaratibu huo wananchi na magazeti huuita stakabadhi ghalani. Tulisome jina hilo kama Portia alivyoisoma hati. Kiambishi -ni kinaonyesha mahali. Kwa hiyo kilichomo ghalani ni stakabadhi, na korosho hazikutajwa! Bodi inayosimamia utaratibu huu imefanya vyema kujiita ya Stakabadhi za Ghala. Tena, karatasi anayoishika mkulima mmoja mmoja ni ya chama chake, na stakabadhi ya ghala inahusu shehena iliyokusanywa. Karatasi mbili zenye kazi mbili zimefunikwa kwa jina moja. Siku malipo yanapochelewa, mkulima hajui adai kwa karatasi ipi, wala amdai nani.

Neno la pili ni kangomba, nalo ni zito zaidi. Kwalo wananchi hutaja ununuzi wa korosho nje ya mnada, kwa kipimo kisicho rasmi au kwa fedha iliyotolewa kabla ya mavuno. Neno hilo hilo limehamia kwa mtu: fulani ni kangomba. Serikali ilipochukua jukumu la kununua korosho mwezi Novemba 2018 kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima walihakikiwa ili watengwe na makangomba. Kuzuia dhuluma ni jambo jema, maana mnunuzi anayemnyonya mwenye njaa hastahili kutetewa. Lakini neno hili halipambanui. Linamkumba tajiri mwenye malori, na linamkumba jirani aliyempa mwenzake nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali akaahidiwa debe la korosho. Kama bepari, kangomba ni neno linalohukumu kabla ya shauri.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, katika maandishi rasmi tuseme stakabadhi ya ghala kwa hati ya shehena, na stakabadhi ya chama kwa karatasi ya mkulima. Pili, kangomba libaki katika mazungumzo na katika fasihi, ambako lina nguvu yake, lakini katika hati ya mashitaka litajwe tendo lenyewe: ununuzi bila leseni, matumizi ya kipimo batili, au ukopeshaji kwa dhamana ya mazao yasiyovunwa. Hayo ni matendo matatu, na kila moja lina utetezi wake. Tatu, orodha za istilahi zisomwe mbele ya wanachama wa vyama vya msingi kabla hazijachapishwa, nao waulizwe wamesikia nini.

Walimu wanaosomesha Kusadikika wanaweza kusaidia, kwa kuwauliza wanafunzi swali moja: Karama angeitwa jina gani, asingepewa nafasi ya kusema?