Kuchora Umbali wa Wembere

Barabara kuu ya kutoka Singida kwenda Nzega, ikishapita Misigiri, huuacha uwanda wa juu wa Iramba, huteremka mlima Sekenke kwa kona kali, kisha huingia Shelui. Ukisimama hapo, mashariki kuna ukuta wa mlima. Magharibi kuna mbuga ya Wembere, tambarare inayokwenda kuelekea Igunga bila kulipa jicho mahali pa kutua. Kwa mtu anayechora kwa kompyuta au simu, sidhani kama kuna mahali pagumu zaidi pa kupimia ufundi wake. Mhusika anaweza kuchorwa popote: uso, mikono, kanga, ng'ombe. Lakini mandhari ya nyuma yenye kina, inayomfanya mtazamaji aamini kwamba angeweza kuingia pichani na kutembea mpaka achoke, haichoreki bila kuijua hewa ya mahali penyewe. Hiyo ndiyo sifa ninayotaka kuutolea ufundi huu: ni ujuzi wa nchi kabla ya kuwa ujuzi wa programu.

Masomo mengi ya kuchora hufundisha kina kwa mistari. Mwanafunzi hupewa mtaa wenye maghorofa au reli, na kuambiwa mistari yote ikimbilie nukta moja kwenye upeo. Kanuni hiyo ni ya kweli. Filippo Brunelleschi aliidhihirisha huko Florence mwanzoni mwa karne ya 15. Lakini katika Wembere mistari iliyonyooka ni lami na nguzo za umeme, basi. Ukiviondoa hivyo, mchoraji hubaki na majani, migunga na anga. Hata hivyo mtu aliyesimama kwenye mteremko wa Sekenke hababaiki hata kidogo kujua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Kinachomwambia ni hewa. Kati ya jicho na kila kitu kuna hewa, na kadiri kitu kinavyokuwa mbali ndivyo hewa iliyo katikati inavyoongezeka. Hewa hiyo hutawanya mwanga wa jua, hasa wa buluu, jambo ambalo Lord Rayleigh alilieleza kwa hesabu mwaka 1871. Matokeo yake ni kwamba weusi wa mbali hufifia upesi kuliko weupe, vivuli hupotea kabla ya umbo, na kilima chenye miti ya kijani huonekana cha buluu iliyochanganyika na kijivu.

Wengi huishia hapo: cha mbali kipake buluu, kazi imekwisha. Hapo ndipo picha inapoanza kusema uongo, kwa sababu hewa ya Shelui si moja mwaka mzima. Singida ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili. Mwezi Machi, mvua ikishaosha vumbi, vilima husogea karibu, kingo zake hukatika vizuri, na vivuli vya mawingu hulala juu ya mbuga kwa mikanda, mmoja wa giza, mwingine wa mwanga, mwingine wa giza tena. Mikanda hiyo ni zawadi kwa mchoraji: inampa ngazi za umbali mahali ambapo ardhi yenyewe haina ngazi. Septemba mambo hugeuka. Vumbi limejaa, moshi wa nyasi zinazochomwa umetanda, na chembe zake ni kubwa kuliko zile zinazoipa anga ubuluu wake, kwa hiyo hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Umbali huwa mweupe wenye uhudhurungi, na mstari wa upeo humezwa. Mwenye kuchora Wembere ya Septemba kwa buluu ya kwenye mafunzo amechora Uswisi na kuijaza migunga.

Tazama kazi inavyofanyika kwenye skrini. Anayeijua huanza kwa kijivu tupu, bila rangi, na leya nne: anga, milima, mbuga ya kati, na mbele. Akikosea hapo, rangi haitamwokoa. Mgunga wa mbele hupewa gome, miiba na kivuli kizito. Wa katikati hubaki taji lililobapa na shina la burashi moja. Wa mbali kabisa hauna umbo, ni mstari uliokolea kidogo kuliko nyasi. Kisha hutia hewa yenyewe. Huchagua rangi ya anga pale inapogusa upeo, huimwaga kwenye leya mpya kati ya leya mbili, na kuipunguza mpaka iwe nyepesi sana. Mwanafunzi huimwaga sawasawa kutoka juu hadi chini. Fundi haridhiki na hilo, kwa kuwa vumbi ni zito, hukaa chini. Ukiutazama mlima wa Iramba kutoka mbali ndani ya mbuga wakati wa kiangazi, miguu ya mlima ndiyo inayofifia kwanza na kilele hubaki juu kama kisiwa. Kwa hiyo leya ya hewa hukolezwa chini na kuyeyushwa kuelekea juu. Ni mpapaso mmoja wa burashi pana, lakini hakuna kitufe kinachomwambia mtu aupapase. Aliyeutazama mlima ndiye anayejua.

Shelui ina ushahidi mwingine, mdogo sana kwa kimo. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamekatiwa njia za bahari na vita, walifua sarafu za dhahabu za rupia 15 huko Tabora, na dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke. Upande mmoja kuna tembo aliyeinua mkonga, na nyuma yake milima. Ilikuwa sarafu ya serikali ya kikoloni iliyobanwa na vita. Sina haja ya kuipamba. Ninaloliangalia ni kazi ya mkono. Katika duara la milimita 22 hivi, bila rangi yoyote, mchongaji alimwinua tembo juu zaidi ya bapa la sarafu na kuiacha milima chini kidogo, mwanga uigote kwa upole. Tembo peke yake angetosha kuwa nembo. Milima ile ndiyo inayomfanya awe mahali fulani.

Atasimama mtu aseme kwamba kina si urithi wetu. Atamtaja Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki 1972, ambaye chui na ndege wake hukaa mbele ya rangi tupu, bila upeo wala ukungu, na picha zikapendwa duniani kote. Hoja hiyo ina uzito, na sitaki kuipita haraka. Lakini ubapa wa Tingatinga ni uamuzi wa fundi, si upungufu. Wafuasi wake hupaka mandhari ya nyuma kabla ya mnyama, mara nyingi kwa kuchanganya rangi mbili mpaka zifyonzane, kwa maana wanajua kwamba mnyama atasimama au ataanguka kwa kile kilicho nyuma yake. Picha ya namna hiyo inajibu swali la nani. Hadithi ya katuni au mchezo wa kompyuta lazima ijibu pia swali la wapi. Na urithi wetu una jibu la wapi vilevile: Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alipochora kuta za kanisa la Murang'a mwaka 1959, aliyaweka maisha ya Kristo katika vilima vya Wagikuyu. Ukibadilisha vilima vile, umebadilisha maana ya picha.

Mwingine atasema kazi hii imepitwa na wakati, kwamba sasa picha hutazamwa kwenye simu, na mandhari inaweza kubandikwa kutoka kwenye picha ya kamera au kuzalishwa na akili mnemba kwa sentensi moja. Udogo wa skrini unaongeza uzito wa hoja yangu: kwenye simu undani hupotea, na kinachobaki ni mpangilio wa giza na mwanga, yaani kile kile kinacholeta kina. Picha ya kamera ni msaada mzuri, ila ina jua lake na saa yake, na mhusika aliyewekwa mbele yake kwa mwanga mwingine huonekana amebandikwa. Akili mnemba hukupa Afrika ya wastani, mgunga mmoja na jua la rangi ya chungwa, kwa sababu hiyo ndiyo iliyojaa kwenye picha ilizofunzwa. Mwaka 1991 timu ya Disney iliyokuwa ikiandaa The Lion King, yenye fedha na vifaa vya kila aina, ilisafiri mpaka Hell's Gate nchini Kenya kuitazama nchi kabla ya kuichora. Wao walihitaji ndege. Mtu wa Shelui anahitaji kutoka nje tu.

Basi wenye studio za katuni Dar es Salaam na Nairobi, jina la mchora mandhari liandikwe mahali pa heshima pamoja na la mchora wahusika, na malipo yake yasiwe ya mabaki. Na wewe kijana wa Shelui mwenye ibisPaint kwenye simu, au Krita inayopakuliwa bure, chora Sekenke mara mbili: asubuhi, jua likitokea nyuma ya mlima na ukuta wote ukiwa kivulini, na jioni, jua likiupiga usoni kutoka upande wa Wembere. Chora Machi, kisha chora tena Septemba. Usichukue rangi ya mafunzo ya mtu mwingine mpaka uwe umeilinganisha na ile iliyoko mlangoni kwenu.