Mapambo Yasiyodumu: Neno juu ya Namna Yanavyohukumiwa

Katika vitabu vielezavyo mapambo ya watu wa Afrika Mashariki, na katika makabati ya vioo ya nyumba za makumbusho, msomaji hukuta mara nyingi vitu vile vile: bangili za pembe ya ndovu, duara nyeupe za konokono wa baharini, shanga za ganda la yai la mbuni, ndonya za mpingo walizovaa midomoni wanawake wa Kimakonde. Hatuna ugomvi na vitu hivyo, vyastahili kutunzwa. Neno letu ni juu ya vile visivyowekwa. Kikuba hakimo. Koja la asumini halimo. Majasi ya majani yaliyokunjwa, waliyotia masikioni bibi zetu wasiokuwa na fedha, hayamo. Naye mwandishi asiyeyaona kabatini huandika kana kwamba hayakuwako kamwe, kisha humaliza kwa kusema kwamba mtu wa pwani hakuwa na pambo lake mwenyewe ila lile lililoletwa na jahazi. Hukumu hiyo twaiona kuwa si ya haki.

Tuanze na jambo hili la jahazi, maana latatuka upesi. Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, wachimbuzi wamepata ushanga wa konokono wa baharini unaokadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 60,000. Na huko Tumbe, kisiwani Pemba, katika mabaki ya mji wa karne ya 7 hata ya 10, vimeokotwa vigae vingi sana vyenye mifuo, ambavyo juu yake watu walisugulia vipande vya magamba hata vikawa shanga za mviringo. Basi ushanga ulifanyizwa pwani kwa mikono ya watu wa pwani, hata katika siku zile ambazo shanga za kioo za ng'ambo zilikuwa zikiingia bandarini. Lakini angalieni ni kwa nini twayajua haya: ni kwa sababu gamba haliozi wala kigae hakiozi. Kama watu wale wa Tumbe walivaa na maua, mchanga haukutuwekea hata moja. Mwenye kuhesabu mapambo kwa yale yaliyosalia ahesabu, ila asituambie kwamba amehesabu yote.

Duara zile za konokono mwenye umbo la pia zimepata bahati ya kuandikwa vizuri, nasi twazitaja kwa kuwa zaonyesha namna pambo lipaswavyo kuchunguzwa. Hukatwa kwenye kitako cha gamba, zikasuguliwa na kutobolewa katikati, zikachukuliwa kutoka bahari hata bara ya mbali sana. Dr. Livingstone, alipokuwa katika nchi ya Balonda mwaka 1854, alipewa moja na mtawala Shinte, akaandika kwamba kwa mbili mtu angeweza kununua mtumwa, na kwamba tano zilikuwa bei njema ya pembe ya ndovu yenye thamani ya pauni 10. Baadaye viwanda vya Ulaya vilifanyiza za kaure kwa kuziiga. Mtu akiigeuza ile ya kweli huona mzunguko wa konokono mgongoni. Waandishi wameuliza yote juu ya kitu hiki: chatoka wapi, huvaliwa na nani, ni cha thamani gani, cha bandia hujulikanaje. Hayo ndiyo maswali. Twataka yaulizwe pia juu ya kikuba.

Kikuba ni kifurushi kidogo cha majani na maua yenye harufu nzuri, avaacho mwanamke kifuani penye nguo au katika nywele. Ukikisoma katika maelezo mafupi hivyo, wakidhania kuwa ni jambo la kuokota na kufunga. Sivyo. Asumini huchumwa alasiri ikingali tumba, kwa kuwa ua hili hufunguka jioni; mfungaji hafungi basi kitu kama kilivyo, bali kama kitakavyokuwa baada ya saa chache. Akifunga matumba kwa kuyakaza mno, yatakosa nafasi ya kufunguka, nayo yatageuka rangi kabla ya harufu kutoka. Akiyalegeza, kikuba chote kitafumuka wakati mvaaji angali njiani kwenda arusini. Majani ya mrehani hutiwa ili kushika umbo, pia kwa harufu yake kali. Kilua huwekwa kwa kiasi, kwa kuwa harufu yake yashinda nyingine zote. Mkadi na waridi hufuata desturi ya mahali na majira ya mwaka. Kikuba kilichozidi mrehani hunukia kama dawa ya mafua, na tumekutana na vingi vya namna hiyo siku hizi, vikiuzwa kwa wageni. Kikuba chema hakionyeshi fundo la uzi. Matumba yake yalingana. Harufu zake hazitoki pamoja, bali moja hutangulia na nyingine hufuata kadiri usiku unavyoendelea na mwili unavyokitia joto.

Je, kazi hii ni duni kuliko kusugua gamba juu ya kigae? Wako wasemao kwamba kitu kifacho asubuhi hakiwezi kuitwa kazi ya ufundi. Kwa kipimo hicho wimbo nao si ufundi, wala hotuba. Lakini twashuku kwamba sababu yenyewe ni nyingine. Bangili ya pembe na duara ya gamba zilikuwa fahari ya watawala na wafanyi biashara, wanaume waliozungumza na wageni. Kikuba kilifungwa ndani, na wanawake, kikafundishwa mwari na somo wake. Aliyeandika hakuingia humo ndani. Hilo si kosa lake, lakini kuandika kana kwamba humo ndani hamkuwa na kitu, hilo ni kosa.

Lugha yetu imekuwa mwaminifu kuliko makabati. Padre Charles Sacleux, aliyekaa Unguja na bara ya karibu miaka mingi, alikusanya mimea na maneno pamoja, na kamusi yake iliyochapwa Paris kuanzia mwaka 1939 imejaa majina ya miti na maua. Mtu wa namna hiyo hawezi kuandika “ua” akanyamaza. Lakini vitabu vingi vya shule vya siku hizi huandika “shanga” kwa kila kitungwacho na “mapambo” kwa kila kivaliwacho. Koja si kishada, na kishada si kikuba. Mwanafunzi asiyepewa maneno haya hataona tofauti hata akiwekewa vitu mbele ya macho.

Hata mbegu zina haki ya majina yake, na hapa upungufu wa maneno waweza kudhuru. Tipitipi, ile mbegu nyekundu yenye doa jeusi, hutungwa shingoni katika nchi nyingi. Masonara wa India waliitumia kupimia dhahabu. Nzuri ni nzuri, lakini ndani yake mna sumu kali sana, na ganda lake gumu ndilo linaloizuia. Kitabu cha kazi za mikono kimwambiacho mtoto achukue “mbegu yo yote nyekundu” aitoboe kwa sindano hakijafikiri.

Juu ya pembe ya ndovu hatuna la kusema sana. Mataifa yalikubaliana mwaka 1989 kuipiga marufuku biashara yake ya kutoka nchi hata nchi, na bangili zilizoko zibaki kwa wenyewe. Maua ya plastiki ndiyo yatusumbuayo zaidi, maana hayakatazwi na mtu. Duara ya kaure iliiga sura, na sura ilikuwa sehemu kubwa ya kazi ya duara. Koja la plastiki laiga sura ya kitu ambacho kazi yake ni harufu. Twaliona arusini, limening'inia jeupe, nalo halinukii kitu.

Wasomaji wetu walioko Pemba, Lamu, Mombasa na Komoro wangetufaa sana kama wangetuandikia: maua gani huingia katika kikuba cha kwao, na kwa mpangilio gani, uzi ni wa nini, ni nani afungaye, naye hulipwa au hufunga kwa ujamaa, na kila sehemu yaitwaje. Majina yaandikwe kama yatamkwavyo na wafungaji wenyewe, pasipo kusahihishwa.