Fundo la Mshipi

Kuna aina ya setilaiti inayokaa kiganjani: mchemraba wa sentimita 10 kila upande, uzito wake kilo moja na ushei. Vipimo hivyo viliwekwa mwaka 1999 huko California na Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs, ili hata wanafunzi waweze kuunda chombo cha bei nafuu na kukitumia kujaribu vifaa ambavyo havijawahi kufika angani.

Mwangalie fundi ndani ya chumba safi. Amevaa glavu na barakoa, na mkononi ana bangili yenye waya unaoshuka ardhini, kwa kuwa cheche asiyoihisi mwenyewe yatosha kuua chipu. Anazipanga bodi za saketi moja juu ya nyingine: betri, redio, kompyuta. Kila skrubu anaikaza kwa bisibisi inayopima nguvu ya mkono, kisha anaidondoshea tone la gundi, maana mtikisiko wa roketi hulegeza chochote. Anaandika daftarini. Ndipo anashika skrubu nyingine.

Kinachonivutia zaidi ni antena. Setilaiti nyingi za aina hii hutumia utepe wa chuma, uleule wa tepu ya kupimia ya seremala. Fundi anaukata, analainisha kingo, anauzungusha kwenye mchemraba. Kidole kimoja kinauzuia usifyatuke, mkono wa pili unaufunga kwa mshipi wa nailoni, kama wa mvuvi, uliopita juu ya rezista ndogo. Huko juu rezista itapata moto, mshipi utakatika, utepe utajinyoosha. Fundo likilegea mapema, antena itafyatukia ndani ya sanduku la kurushia. Mshipi usipokatika, setilaiti itabaki bubu. Basi anafunga, anaunguza, anahesabu sekunde, anafunga upya. Kisha anarudia yote ndani ya tangi la ombwe, kwenye baridi kali. Siku nzima huweza kuishia kwenye fundo hilo.

Tarehe 11 Mei 2018, 1KUNS-PF, mchemraba wa aina hiyohiyo na setilaiti ya kwanza ya Kenya, iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na Sapienza cha Roma, iliachiwa kutoka maabara ya Kijapani ya Kibo kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kwa Kijapani, Kibo ni tumaini. Sisi tunasikia kilele cha Kilimanjaro. Vyombo vinavyotolewa hapo hutakiwa kwanza kukaa dakika 30 bila kukunjua chochote, visije vikakigonga kituo. Muda wote huo, walioviunda wako chini, wanaitazama saa.